Ndoo ya Mjomba Gergő

Zdenka shoga, sijuti! Nasema mapema kabla hujaanza kunihubiria.

Nimemmwagia maji mjomba wa Emőke, rafiki aliyenialika kwao Hungaria. Ndoo nzima! Na suti yake ya Pasaka mwilini!

Asubuhi familia nzima ilinipeleka kuona ngome ya Eger. Mjomba Gergő akanisimamisha juu ya ukuta wake saa nzima akinisimulia: zamani Waturuki walipoizingira, wanawake wa hapa waliwamwagia supu ya moto, wanawake wa hapa hawachezewi!

Tumerudi nyumbani, nakanyaga uani tu, pwaa! Gergő kanimwagia maji ya kisima, baridi ya kuua. Ati ni mila yao, Jumatatu ya Pasaka mwanamke lazima amwagiwe asije akanyauka kama ua. Halafu ananyoosha mkono nimpe yai la rangi, eti ndiyo shukrani!

Anyauke yeye!

Nikajaza ndoo, nikapanda roshani, nikamwita. Akainua uso. Pwaa!

Akafoka, "Mwanamke hammwagii mwanamume!"

"Na ule ukuta wa asubuhi?"

Emőke kajifunika uso. Nikajua leo nafukuzwa.

Mara mama yake Gergő, bibi wa miaka themanini na moja, akapanda ngazi polepole na jagi la maji. Akachungulia chini.

"Gergő, usiondoke. Hili lilikuwa la kumlipa marehemu baba yako, aliyenimwagia kila Pasaka."