Kikohozi Kirefu

Bulla Iftin, Garissa
Jumatatu, 14 Julai

Kwako kaka yangu, aboowe Abdirahim,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Salamu zangu zikufikie wewe, mkeo Ayan, hooyo, na yeyote atakayekuwa amekaa kwenye mkeka wenu siku Bare atakaposhusha mzigo wa lori lake Takaba. Mbuzi wanaendeleaje? Maji ya bwawa la silanga yamefika wapi? Hapa joto ni lile lile, mto umepungua, na mimi ni mzima wa kusimama na kutembea, alhamdulillahi. Uzima mwingine nitaueleza huko chini.

Na Ikran wenu mdogo, kikohozi chake? Ijumaa uliniambia kimemaliza mwezi, gauni la Idd limemlegea mabegani, na hataki hata maziwa ya ngamia. Barua hii hasa ni ya Ikran. Ningeweza kuimaliza kwa mistari minne, lakini mistari hiyo minne nimejaribu kukuambia kwa simu mara tatu tangu Ijumaa, na kila mara nimeishia kukuuliza habari za mbuzi. Simu yenu nayo huwekwa kwenye sauti kubwa ili hooyo asikie sauti ya bintiye. Basi niache nifike kwa mwendo wangu, ila nakuomba usiiweke barua hii chini kabla ya kuimaliza.

Nimekuandikia kwa Kiswahili makusudi. Hooyo hakijui, na Ardo wa dukani anayemsomea kila karatasi inayoingia nyumbani anakijua cha kuuzia sukari tu. Kalamu yako nyekundu ya ualimu iache mfukoni, leo sina nguvu ya kusahihishwa.

Kazi yangu uliitangaza Takaba nzima kwamba dada yako amekuwa daktari. Sikuwa daktari, aboowe. Mimi ni muuliza maswali. Daktari ni Mutheu, mama mmoja wa Kitui mwenye subira nyingi, na utafiti ni wake. Anataka kujua watu wa Garissa na wa kambi za Dadaab wanaelewa nini kuhusu kifua kikuu, wanakionaje, na wanafanya nini wakishikwa nacho. Tunakwenda nyumba kwa nyumba na tableti, maswali hamsini na mawili kwa kila mtu, juani. Ikifika saa nane mchana hata sauti yangu mwenyewe inanichosha. Fomu ilitoka Nairobi kwa Kiingereza na Kiswahili, nikapewa mimi niiweke katika Kisomali, kwa sababu kwenye usaili nilijisifu kwamba lugha zote tatu nazimudu. Mdomo uliponza kichwa.

Kwa Kiswahili ugonjwa huu una jina la heshima. Kifua kikuu unaweza kukitaja mbele ya wakwe. Kwetu ni qaaxo, na wewe unajua hilo linavyotumika: ni tusi kuliko lilivyo jina. Bila shaka hujamsahau Yarrow wa kisimani, posa ya binti yake ilivyovunjwa kwa kuwa mtu mmoja tu alilitamka neno hilo sokoni. Binti alikuwa mzima kabisa, na mpaka leo yuko kwa baba yake.

Basi kila palipoandikwa kifua kikuu, mimi niliandika qufac dheer, kikohozi kirefu. Mwenzangu Osob alipopewa fomu aipitie, aliliona neno, akaniangalia, akapitisha. Msomali yeyote angepitisha. Utaingiaje nyumba ya mtu, unywe chai yake, halafu umuulize kuhusu qaaxo mbele ya mabinti zake?

Swali la thelathini na moja linauliza hivi: mtu wa nyumbani kwako akipata ugonjwa huu, ungependa ufichwe, majirani wasijue? Wiki sita tulizunguka na swali hilo. Watu mia nne na kumi na mmoja walijibu, na karibu wote walisema hapana, kufichwa kwa nini. Wengine walicheka. Nani ataficha kikohozi katika vumbi hili? Daktari Mutheu alifurahi. Alisema hajawahi kuona watu wenye aibu kidogo hivi kuhusu kifua kikuu, na kwamba huenda magari ya upimaji na mafunzo yakapelekwa kwanza kaunti nyingine yenye shida zaidi. Nilimsikia vizuri. Nikaendelea kubonyeza hapana, hapana, hapana, mpaka jua likashuka.

Aliyenivua nguo ni mzee mmoja wa kambi ya Hagadera, tunayemwita kwa heshima adeer Nunow, anayetengeneza magurudumu ya mikokoteni ya punda. Siku hiyo Daktari alikuwa amefuatana nasi. Mzee alinijibu maswali yote kwa utaratibu, kisha akaniacha pale nilipokaa, akamgeukia Daktari kwa Kiswahili alichookota kwa madereva wa malori ya maji. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, mapafu akiyaita mabafu: “Mama, huyu binti nauliza mimi kikohozi tu. Kikohozi kila mtu iko nayo. Mimi lishikwa na ile ya mabafu. Bibi nahama, kikombe yangu natengwa. Mbona hiyo hauulizi?”

Daktari hakunigombeza. Ndani ya gari aliuliza neno lenyewe ni lipi. Mimi nikatazama dirishani, ikabidi Osob ndiye alitamke. Akaniuliza kwa nini nililibadilisha, nikamweleza habari ya tusi na adabu za kuingia nyumba za watu. Alikubali. Alisema tu kwamba majibu mia nne na kumi na moja yamewekwa kando na tutaanza upya. Afadhali angepiga kelele, kwa maana mtu mpole ukimkosea unabaki na kosa lako peke yako.

Sasa tunarudia, hodi zile zile, na mara hii neno linatamkwa. Watu wengine wanakumbuka shughuli muhimu wakituona tu. Kuna mama mmoja hapa mjini, Lul, ambaye mara ya kwanza alitupikia chai ya maziwa na kutuombea dua. Mara ya pili, nilipofika kwenye neno, aliwaita watoto ndani, na nilipoaga nikamwona akikimwaga kikombe changu mchangani na kukiacha huko huko. Najua kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, hilo ni jibu la swali la kumi na nne. Hata hivyo nililia njia nzima, Osob akadhani ni kwa ajili ya heshima yangu. Na swali la thelathini na moja? Sasa katika kila watu kumi, tisa wanasema wangeficha. Huyo wa kumi, mimi simwamini.

Aboowe, nilichomwambia Daktari ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba neno lile nisingeweza kuliandika kwa mkono wangu mara zote hizo, kwa kuwa lilikuwa langu. Mimi nina kifua kikuu. Naona limeandikika. Kwa Kiswahili halikwaruzi koo, ndiyo maana nimejificha humu.

Nilikuwa nacho nilipokuja kwenu Idd ya Ramadhani. Kile kikohozi ulichosema ni vumbi la njiani ndicho hicho. Nilirudi Garissa, siku ya nne nikapeleka makohozi, na jioni yake nikaitwa. Dawa ni za miezi sita, kila asubuhi, na zinaugeuza mkojo kuwa mwekundu kama chai ya rangi. Wiki tatu za mwanzo nilijifungia ndani nikasingizia malaria ili nisimwambukize mtu, na ndizo wiki nilizotafsiri ile fomu. Nimemaliza miezi mitatu. Sasa siambukizi, na nimeanza kunenepa. Idd ya kuchinja sikuja, nikasema ni kazi. Haikuwa kazi.

Siku niliyopewa dawa, muuguzi aliniuliza ni nani nimelala naye chumba kimoja, na hasa kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa sababu hao ndio huumia upesi. Ikran alikuwa amelala juu ya mkono wangu kwa siku kumi na moja. Unamjua alivyo, hakukubali kulala popote ila kwa eddo, shangazi yake. Nilikuwa nikikohoa juu ya nywele zake. Nikamjibu muuguzi kwamba hakuna, naishi peke yangu. Akaandika. Nilijua ataandika, maana hata mimi huandika ninachoambiwa.

Miezi mitatu nimejua. Usiseme sikuelewa, na mtu mwingine akikuambia hivyo kwa kunitetea, mkatalie. Maswali yote hamsini na mawili ningeyajibu sawasawa. Niliona haya tu. Niliona haya mbele ya hooyo, mbele ya Ayan, mbele ya watu watakaokuja siku moja kuuliza posa, nikamwacha mtoto wako akae na haya zangu kifuani mwake. Ijumaa uliposema gauni limemlegea, nilikaa chini pale pale uani na simu sikioni, nawe ukadhani mtandao umekatika.

Leo asubuhi nilirudi kwa muuguzi nikalifuta jibu langu. Nimemtajia Ikran, wewe, Ayan na hooyo, na karatasi yenye majina yenu iko ndani ya bahasha hii. Mpeleke Ikran hospitali siku hiyo hiyo utakayosoma. Hooyo atataka achomwe kifuani kwa kijiti cha moto, kama alivyotuchoma sisi. Mkatalie, hata akilia. Nanyi wakubwa mpimwe. Dawa ni bure, na ugonjwa unapona, mimi mwenyewe ninapona.

Jambo moja, aboowe, na hili ndilo lililonifanya niandike. Ukifika kwa daktari wa huko, usiseme qufac. Ukisema qufac watampa mtoto dawa ya kikohozi na kuwarudisha nyumbani, na itakuwa nimefanya tena nilichokifanya hapa. Sema qaaxo. Sema kwa sauti hata kama benchi zima la wagonjwa litageuka na kusogea mbali nanyi. Wakiuliza ameipata wapi, usimtaje jirani wala mgeni asiyejulikana. Taja Ruweyda, dada yako wa tumbo moja.

Ayan mwambie wewe, sijui kwa maneno gani. Hooyo naye mwambie, nasi tumwombe Mola ampe kifua cha kulipokea. Mbusu Osman mdogo, na wenzako wa kisimani wape salamu zangu. Bare anaondoka kesho alfajiri na Alhamisi atakuwa kwenu, inshallah.

Usinijibu kwanza. Mpeleke mtoto, ujue ana nini, ameze dawa zake za siku ya kwanza mbele ya macho yako. Baada ya hapo unijibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba nisikanyage tena kwenu. Nitalipokea, mradi liniambie kwanza hali ya Ikran.

Wasalaam,
ni mimi mdogo wako,
Ruweyda Alio