Baruti ya Rollin

Jumapili, 4 Agosti 2024

Twila kaniletea boksi. Hakuingia hata ndani. Kalishusha barazani akasema, wifi, ama ulichukue ama nalipeleka kanisani likauzwe kwenye mnada pamoja na suti za Rollin. Boksi refu, jembamba, kama jeneza la mtoto — Mungu nisamehe, ndilo lililonijia. Juu yake jina la kaka yangu na tarehe: Septemba 2018. Halijafunguliwa mpaka leo.

Roketi. Ile kubwa ya kufanyia mtihani wa daraja la pili wa klabu yetu ya roketi. Ndivyo alivyokuwa Rollin! Hajafaulu daraja la kwanza, keshanunua madaftari ya la pili.

Nikasikia mdomo wangu unasema: nitaijenga, na nitairusha mimi. Twila akauliza: Na miaka sitini na miwili hiyo? Nikamwambia roketi haiulizi umri wa mtu. Hakucheka. Tangu tumzike Rollin Februari hacheki, na sina haki ya kumlaumu.

Kwa nini nimesema vile? Sijui.

Mwongo wewe, Lavonne. Unajua.


Jumatano, 7 Agosti

Nimelifungua. Mabomba mawili ya kadibodi ngumu, pua ya plastiki, mapezi matatu ya mbao, pete za kushikia injini, parachuti jekundu ambalo bado linanuka duka. Hakuna kilichovunjika. Nimevipanga vyote juu ya meza ya gereji nikavitazama mpaka kahawa ikapoa.

Nimepiga msasa mapezi asubuhi nzima. Mara mbili nimegeuka kutazama mlangoni. Rollin alikuwa na tabia ya kusimama pale na kikombe chake, haingii mpaka aambiwe, mtu mzima na gereji ni ya dada yake! Mara ya kwanza nilidhani ni upepo. Mara ya pili sikudhani kitu, niligeuka tu.

Nilipomaliza pezi la tatu nikamsikia. Neno moja.

“Umemaliza?”

Nimezima redio, nimefunga gereji. Saa tano asubuhi, jua kali, na mimi nakimbia gereji yangu mwenyewe.


Jumamosi, 10 Agosti

Mapezi yameshika. Gundi ya epoksi imenikamata hata nywele, nimezikata kwa mkasi. Pezi moja limepinda kidogo, unywele tu. Wengine hawataliona. Nimeling'oa nikaanza upya.

Arlo Pankratz kapiga simu. Ndiye mkaguzi wa klabu yetu, ndiye anayesimamia mitihani, na ndiye aliyepoteza mguu wa kushoto siku ile ya roketi ya Rollin. Kaona jina langu kwenye orodha ya waliolipa uanachama tena. Akanikaribisha vizuri, kwa sauti yake ileile ya kusoma risala. Akanikumbusha masharti kama ilivyo kazi yake: roketi uijenge mwenyewe, injini uijaze mwenyewe, asiguse mtu mwingine. Mwingine akigusa, si mtihani wako tena.

Nikasema naelewa.

Jina la Rollin hakulitaja. Mazishini hakuja. Kijiji kizima kilikuja, hata watu wa kiwanda cha nafaka walifunga kazi, yeye hakuja. Na mimi nilimkasirikia! Nilisimama pale kaburini nikamkasirikia Arlo. Uso wangu hauna haya.


Alhamisi, 15 Agosti

Mvua. Gundi haikauki. Basi niandike, mara moja tu, yaishe.

Tarehe 13 Oktoba 2018, shambani kwa Delbert, nje ya mji wa Moundridge. Rollin alikuwa anafanya mtihani wa daraja la kwanza. Mimi nilikuwa nalo tayari. Ruhusa ya kurusha angani ilikuwa inaisha saa kumi, na saa tisa na nusu kaka yangu bado anahangaika na parachuti. Baridi imevifanya vidole vyake vigumu kama vijiti. Nikamwambia, leta injini hiyo, nitaijaza mimi, wewe kunja parachuti. Akasema hairuhusiwi. Nikamwambia nani anatuona? Nikaingia nayo garini.

Ndani ya injini, mbele kabisa, kuna kitundu unamimina baruti kidogo, kijiko kimoja hivi. Moto ukifika pale, baruti inalipuka, pua inatoka, parachuti linafunguka. Ndiyo kazi yake yote. Inakuja kwenye kichupa chenye kifuniko chekundu. Nilikuwa nimekishika kile kichupa. Delbert akaja dirishani kuniuliza kama nimeleta pai. Nikakitia mfukoni mwa koti, nikamjibu Delbert, nikafunga injini.

Rollin akauliza, umemaliza? Nikasema, nimemaliza, twende.

Ilipanda vizuri. Nzuri kweli. Ikafika juu, ikageuza pua, ikaanza kushuka. Hakuna parachuti. Kwetu roketi ikianguka hivyo hukimbii; unasimama, unaitazama, unanyoosha kidole, ili kila mtu aione kwa kidole cha mwenzake. Watu sitini wakanyoosha vidole. Nilivitazama vidole, sikuitazama roketi. Vyote vikawa vinashuka polepole pamoja, kuelekea kwenye magari. Arlo alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja anamimina kahawa. Aliinua kichwa mwishoni kabisa.

Mguu ulikatwa hospitalini Wichita usiku uleule.

Walipoifungua injini wakakuta kitundu kikavu. Rollin akanitazama. Akanitazama vizuri, mara moja, na akajua. Kisha akawageukia akasema, “Nimesahau baruti. Ni mimi.”

Nami nilikuwa na mkono mfukoni, nimekishika kichupa.

Hatukulizungumza. Hata siku moja! Miaka mitano na ushei, sikukuu zote, meza moja, ananipitishia viazi. Alinyang'anywa uanachama. Dukani wakamwita Rollin Baruti. Hakunisuta, hakuninunia. Angeninunia ningepona.


Ijumaa, 16 Agosti

Sikupona kwa kuandika. Nilidhani nitapona.


Jumanne, 27 Agosti

Twila kaja na pai ya cheri, leo kaingia. Kaiona roketi imesimama pembeni mwa gereji, imeshapakwa rangi ya kwanza, kijivu. Ameizunguka. Akaigusa pua kwa kidole kimoja kama anayepima joto la mtoto. Akasema ni ndefu kuliko Rollin.

Tukanywa kahawa. Kisha akaanza kusema yasiyoulizwa. Kila Oktoba, tarehe kumi na tatu, Rollin alikuwa anavaa shati la kanisani anaendesha mpaka kwa Arlo. Anabisha hodi. Anasubiri. Anarudi nyumbani, anavua shati, anasema, leo pia hayupo. Na gari la Arlo liko uani, Twila mwenyewe alipita akaliona. Mara tano.

“Hakutaka kusamehewa, wifi,” akasema. “Alitaka asalimiwe tu.”

Halafu akasema kitu kingine, huku anakusanya makombo kwa kiganja. Kwamba Rollin alikuwa mtu wa kufunga mlango kisha anarudi kuutikisa. Jiko alilikagua mara mbili. Miaka arobaini ya ndoa hajasahau hata siku ya kutoa taka. Basi alisahauje baruti?

Hakuniuliza mimi. Aliyauliza makombo. Lakini hakuinuka kuondoka mpaka nilipomwongezea kahawa, na nilipomwongezea hakuinywa.

Alipoondoka nikakitoa kichupa kwenye kopo la vifungo nilikokificha miaka yote hii. Nikakimimina kwenye ndoo ya maji. Maji yakawa meusi kidogo, basi. Nimemwaga nyuma ya banda. Nilitegemea nini?


Jumapili, 8 Septemba

Mtihani wa maandishi nimepita. Maswali hamsini, nimekosa mawili. Delbert, ambaye sasa ndiye katibu, kasema bibi kizee kawashinda wahandisi. Umebaki mruko wenyewe, Jumamosi ijayo: ipande, parachuti lifunguke, irudi nzima, Arlo atie sahihi.

Roketi imekwisha. Nyeupe, mapezi mekundu. Nimeifanya vizuri na ninajua. Nilipoweka brashi chini nilimngoja Rollin aulize. Hakuuliza. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Delbert kanipa na karatasi ya ukaguzi, wameichapa upya tangu nilipoondoka. Mambo kumi na mawili kwa hesabu. Namba tano, mapezi hayatikisiki. Namba sita, parachuti limekunjwa. Namba saba: Rollin.

Nikamuuliza ni nini hiki. Akaeleza huku anacheka, ni baruti hiyo, mkaguzi anakuuliza “Rollin?” nawe unajibu “imo.” Wageni wanadhani Rollin ni jina la kampuni ya baruti! Akacheka tena. Kisha akakumbuka mimi ni nani, na kicheko kikamkauka. Akasema samahani, Lavonne, limezoeleka tu, halina ubaya.

Halina ubaya. Kaka yangu yuko kaburini na kila Jumamosi wanamtaja mara thelathini, kama kosa.

Nimepanga hivi. Nitarusha kwanza. Nikishapata cheti nitamvuta Arlo pembeni nimwambie. Cheti kwanza, kwa ajili ya Rollin, ni roketi yake.

Kwa ajili ya Rollin! Sikiliza mtu anavyojidanganya kwa mwandiko mzuri. Nikimwambia kabla, sitarusha. Nikimwambia baada, nitakuwa na sababu nyingine ya kungoja. Nimeipata mpya kila mwaka.


Jumamosi, 14 Septemba

Shamba la Delbert, saa nne asubuhi. Ngano imevunwa, mabua tu. Upepo wa kusini, si mbaya. Magari kama arobaini. Twila kaja, sikumwalika. Kakaa kwenye kiti chini ya turubai la Delbert na mkoba mapajani, amevaa vizuri.

Injini nimeijaza mwenyewe, garini, milango imefungwa. Baruti nimemimina. Nikafungua tena kuhakikisha. Nikafunga, nikafungua. Mara tatu. Mikono inanuka kiberiti.

Kuna watu wanne mbele yangu kwenye mstari wa ukaguzi. Naweza kumsikia Arlo mezani. “Rollin?” “Imo.” “Rollin?” “Imo.” Mwanamume mmoja kajibu kwa mzaha, Rollin yuko nyumbani kalala, na wenzake wakacheka. Nikamtazama Twila. Alikuwa amesikia. Alikuwa anatazama mkoba wake.


Saa tano kasoro

Niko garini.

Nilifika mezani. Arlo kaipokea roketi kwa mikono miwili, kaiweka, kaipapasa mapezi. Akasema, kazi safi sana hii. Mzee huyu hasifu ovyo. Nilifurahi! Hata pale, nilifurahi. Akapita karatasi mstari kwa mstari, kalamu mkononi, mguu wa bandia ameunyoosha pembeni. Tano. Sita.

“Saba,” akasema. “Rollin?”

Imo. Neno moja, lilikuwa limeshafika mdomoni.

“Baruti imo,” nikasema. “Jina mlifute.”

Hakuinua kichwa. Akauliza kwa nini.

“Injini ile niliijaza mimi, Arlo. Yeye alikuwa anakunja parachuti. Niliisahau mimi.”

Nyuma yangu kuna mtu alikuwa anasimulia habari za trekta. Aliendelea kusimulia. Nilitazama mkono wa Arlo, kalamu imegusa namba saba na wino unaenea.

“Mwenyewe alijua?”

“Alijua palepale, walipoifungua injini.”

Akaiweka kalamu. Nilitegemea atukane. Nilitaka atukane, Mungu wangu, nilisimama nikangoja kama anayengoja mvua. Akasema taratibu, karibu sikumsikia:

“Alikuja mlangoni kwangu mara tano. Nilikuwa nyuma ya pazia mara zote tano.”

Kisha akashika meza akainuka. Roketi yangu kaiacha palepale, karatasi haina sahihi. Akaniambia nisiondoke. Si kwa ukali. Nisiondoke, basi.

Sikuondoka. Nimeingia garini tu, nikafungua daftari hili.

Namwona kwa kioo cha mbele. Anatembea juu ya mabua kwenda kwa Delbert kwenye kipaza sauti. Anatembea vibaya, pale mabua ni marefu, na hakuna anayemshika kwa sababu wanajua hapendi. Amepita mbele ya Twila. Amesimama. Amevua kofia. Sijui amemwambia nini, lakini Twila kasimama, mkoba umeanguka, hajauokota.

Amefika. Delbert kampisha. Watu wote wamegeukia minara ya kurushia, wanatafuta ni roketi ya nani inayohesabiwa. Minara yote ni mitupu.

Amesema, “Rollin Schrag.” Wachache wamecheka, wakidhani ni ukaguzi. Amengoja mpaka wakanyamaza. Amelirudia jina. Sasa amenyamaza naye, kipaza sauti kiko mdomoni, anatazama huku kwenye magari, gari moja moja, ananitafuta.

Twila pia anatazama huku.

Nashuka.