Nusu Sabuni, Nusu Maji

Jumatatu, 8 Septemba

Wadi tano kabla ya saa nne. Mifereji mitatu inatoa maji, mingine inakohoa hewa tu. Bauza la maji halijafika tangu Ijumaa. Nimemkuta daktari mmoja kijana na pete na saa mkononi, kama kawaida. Aliponiona akatia mkono mfukoni. Nikaandika. Kazi yangu ni kuandika. Miaka kumi na moja ya kuzuia maambukizi katika hospitali hii na sidhani kuna mtu anayefurahi nikiingia mlangoni.

Wadi ya watoto wachanga ndiyo peke yake iliyopita ukaguzi. Akina mama wananawa kabla ya kukamua maziwa, chupa za sabuni zimejaa. Kuna mmoja, Mwende, kutoka Kwa Vonza. Mtoto wake wa kwanza, kaja miezi miwili kabla ya wakati. Ananawa hadi kwenye viwiko huku akihesabu kwa sauti, vile nilivyowafundisha. Nilimsifu mbele ya wenzake. Akainama kwa aibu.

Miguu imevimba. Alhamisi nafundisha Kibwezi. Sitaki kwenda.

Jumanne, 9 Septemba

Kalondu amenisimamisha kwenye korido na chupa ya sabuni mkononi. Ndiye anayesafisha wadi ya wachanga. "Sista, hii sabuni iko na harufu ya maji ya kulala. Hebu skia." Mimi niko na simu sikioni, mtu wa kaunti anataka ripoti ya mwezi jana. Nikamwambia harufu hiyo inatoka kwa pipa lake.

Pipa la Kalondu ni vita yetu ya siku nyingi. Hamwagi maji. Yale ambayo akina mama wamenawia anayakusanya kwenye pipa nyuma ya wadi, ndiyo anayooshea veranda na vyoo. Nimemkataza mara tatu. Amekulia kule ambako punda hutoka asubuhi kufuata maji na kurudi mchana, na ukimwambia amwage anakuangalia kana kwamba umemwambia atupe chakula. "Aiee, Sista," akasema, "mimi maji naijua." Nikaenda zangu. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa yake.

Alhamisi, 11 Septemba

Kibwezi. Ukumbi wa hospitali yao umejaa wauguzi, feni haifanyi kazi. Nilianza na mambo ya glavu, wakasinzia. Nikawaamsha kwa somo langu la sabuni. Hilo halijawahi kuniangusha. Sabuni ya maji ni ghali na haifiki kwa wakati, kwa hivyo: nusu sabuni, nusu maji, tikisa. Ikipungua kwenye chupa, ongeza juu yake. Nilibuni hivyo mwaka ule wa ukame mkali. Nikaandika bango kwa mkono wangu, kalamu nyekundu na ya buluu, likabandikwa juu ya kila sinki. Nikapewa cheti, kimewekwa kwenye fremu ofisini. Leo wamelipiga picha bango nililokuja nalo kwa simu zao. Nikawatania kwamba sisi Wakamba hata sabuni tunaifundisha kustahimili kiangazi. Wakacheka. Huwa wanacheka hapo.

Chai, mandazi mawili. Barabara ya kurudi imejaa malori. Nimelala kwenye kiti cha gari mdomo wazi.

Ijumaa, 12 Septemba

Watoto wawili wa wadi ya wachanga hawanyonyi. Wamekuwa baridi, wamelegea. Mmoja ni wa Mwende. Damu imepelekwa maabara. Dawa zimeanzishwa.

Mwende alikuwa kwenye sinki nilipopita. Ananawa.

Jumatatu, 15 Septemba

Mtoto wa Mwende amekufa Jumamosi alfajiri. Sikuwa kazini. Wameshaondoka naye kwenda nyumbani. Watatu wengine ni wagonjwa.

Mkutano asubuhi. Daktari Mutua, mkuu wetu, anataka chanzo kabla ya kaunti kuuliza. Kyalo wa maabara amesema kijidudu kilichoonekana kwenye damu ni kile kinachopenda mahali penye unyevu. Maji, kwa maneno mengine. Mtu akasema pipa. Sikumbuki nani. Wote wakanigeukia, nami nikasema nilishamkataza mara tatu. Ni kweli. Nilisema kweli tupu, na niliisema haraka.

Kalondu ameambiwa akae nyumbani kwanza. Yeye ni kibarua wa mkataba wa miezi mitatu, na mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu. Kila mtu anajua maana ya "kwanza". Alikunja aprini yake vizuri, akaiweka kwenye meza yangu. "Sista, mimi sijaua mtoto wa mtu." Nikamwambia hakuna aliyesema hivyo.

Tulikuwa tumemaliza kusema hivyo dakika kumi zilizopita.

Jumanne, 16 Septemba

Nimechukua sampuli. Pipa, matambara ya deki, mifereji, inkubeta, mirija ya maziwa. Sabuni nilichukua mwisho, ili tu orodha ikamilike. Nilifungua chupa ya kwanza, ile iliyo karibu na dirisha, na kabla sijaweka kijiti ndani nikaisikia. Harufu ya maji ya kulala. Maji yaliyosahauliwa kwenye mtungi kwa wiki. Nikafungua ya pili. Ya tatu.

Nikakaa juu ya sanduku la mashuka. Sista wa zamu akaniuliza kama ni presha. Nikasema ni presha.

Jumatano, 17 Septemba

Nangoja Kyalo. Watoto watatu bado wanapumua. Wawili wameanza kunyonya kidogo. Sijafanya kazi nyingine yoyote ya maana leo. Nimefuta maandishi ya zamani kwenye ubao wa ofisi na kuyaandika tena.

Alhamisi, 18 Septemba

Majibu.

Pipa la Kalondu lina uchafu wa kila aina, lakini kile kijidudu hakimo. Chupa za sabuni, zote saba, kimo. Jerikeni ya sabuni ambayo haijafunguliwa ni safi. Kwa hivyo sabuni ilikuja nzuri. Sisi ndio tulioitia maji ya bauza, tukaipunguza nguvu, tukaongeza mpya juu ya mabaki ya zamani miezi nenda miezi rudi bila kuosha chupa hata siku moja. Sisi nani. Mimi. Bango liko pale juu ya sinki, nyekundu na buluu. Neno "ongeza" nimelipigia mstari mara mbili.

Kila mama aliyenitii alinawa kwa hiyo sabuni, kisha akamshika mtoto wake. Anayenawa haraka alijipaka kidogo. Mwende alinawa hadi viwiko.

Kyalo alifunga mlango wa maabara. Ni kijana mwema, mimi ndiye niliyemfundisha alipokuja hapa mara ya kwanza. Akasema, "Sista, bado sijapeleka kwa daktari. Kwa ripoti naeza andika tu vifaa vya kunawia. Si hata drum ya Kalondu ni ya maji ya kunawa?" Hakukuwa na ubaya usoni mwake. Alikuwa ananionea huruma. Nami badala ya kusema hapana, nikamwambia anipe hadi kesho.

Naona aibu. Niandike wazi kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma: nilifikiria. Nilitembea kutoka maabara hadi langoni nikifikiria. Bado miaka minne nistaafu. Kalondu atapata kazi nyingine, nikajiambia. Kibarua hakosi kibarua. Nikanunua ndizi langoni na sikuzila.

Ijumaa, 19 Septemba

Nilibandua bango la wadi ya wachanga saa moja na nusu, nikaenda nalo kwenye mkutano na kuliweka mezani. Nikasema sabuni ndiyo chanzo. Maagizo ni yangu, mwandiko ni wangu. Kalondu aliniletea chupa niinuse Jumanne ya wiki jana, nikamfukuza. Nilidhani nitalia na sikulia.

Daktari Mutua alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema kwamba sote tuliliona lile bango, na hata yeye alisaini cheti. Akasema tunaweza kuandika kwamba mfumo ulikuwa na kasoro. Nikamwambia aandike anavyotaka juu ya mfumo, lakini Kalondu arudishwe kwa barua leo hii, na mkataba wake upya, si kwa mdomo. Akasaini. Kisha akanipa yangu: onyo, na nisifundishe popote hadi kaunti imalize uchunguzi. Ni haki.

Chupa zote zimetupwa. Kwa sasa ni sabuni za kipande, zimekatwa vidogo vidogo, kila mama na chake.

Halafu Kibwezi. Hiyo simu ilikuwa ngumu kuliko mkutano. Sista aliyeandaa mafunzo alipokea kwa furaha. "Sista Nduku! Ile kitu yako tumeianza wadi zote, hata teata ya upasuaji!" Nikamwambia mwageni. Akacheka, akadhani ni utani wangu. Nikamwambia mwageni yote leo, mtupe na chupa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa nini. Nilimsikia akimwita mtu kabla hata hajakata simu.

Baada yake nikapiga nyingine. Hospitali nilizofundisha somo hilo kwa miaka mitatu ni nyingi. Nimeandika orodha ya kila ukumbi ninaoukumbuka, na nimebakiza nne za kupigia.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani. Nilikwenda Kwa Vonza.

Daktari Mutua alisema hakuna anayenilazimisha. Mume wangu alisema nitawaongezea machungu tu. Huenda ni kweli. Lakini yule msichana anaamini mtoto wake alikufa kwa sababu alikuwa mdogo. Ama kwa sababu yeye mwenyewe alikosea mahali fulani. Mama anayehesabu hadi ishirini akinawa atajitafutia kosa maisha yake yote.

Walinikaribisha vizuri mno. Mama yake alikuwa amepika isyo, mahindi na maharagwe, bado moto. Na kabla sijafungua mdomo Mwende mwenyewe akaja na jagi na beseni, kipande cha sabuni kwenye kisosi, akapiga magoti mbele yangu anioshe mikono. Ndivyo mgeni anavyopokewa. Huwezi kuvuta mikono yako. Akamimina. Nikanawa. Nilijiona mwongo kuliko siku zote za maisha yangu.

Beseni likiwa bado kati yetu nikamwambia. Sabuni, maji, bango, mimi. Nilisema kwa Kikamba ili mama yake asikie kila neno. Sikuomba msamaha mpaka mwisho, kwa sababu nikianza na huo wangenionea huruma kabla ya kujua.

Mwende aliuliza jambo moja tu. "Kwa hivyo ningenawa kidogo, angeishi?"

Nikasema sijui. Pengine. Nikasema hakukosea popote, alifanya kila nilichomwambia.

Hakulia. Alinyanyua beseni akatoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni akiyamimina yale maji kwenye sukuma wiki kando ya jiko, shina moja moja, taratibu, mpaka yakaisha. Kisha akabaki amesimama huko na beseni tupu.

Mama yake akanisogezea sahani. "Kula, Sista. Umetoka mbali." Nikala. Chakula kilishuka kama mawe na nilikimaliza.

Mwende hakurudi ndani. Nilipoondoka alikuwa amekaa nyuma ya jiko, amenipa mgongo. Sikumwita.

Jumanne, 30 Septemba

Mtoto wa mwisho kati ya wale watatu ameruhusiwa leo. Mama yake amemfunga kwenye shali la manjano. Kibwezi wamepima wachanga wao wote na hakuna mgonjwa. Nilirudia kuusoma huo ujumbe.

Bauza limefika. Sabuni mpya imefika pia, jerikeni tano. Haitiwi kitu. Chupa ikiisha inaoshwa, inachemshwa, inapinduliwa juani hadi ikauke, ndipo ijazwe. Sijaandika bango. Cheti nimekitoa ukutani, fremu nimeigeuza kwenye kabati.

Kalondu alirudi Jumatatu ya wiki jana na barua yake mfukoni. Siku tatu hakunisalimia, nami sikumdai salamu. Pipa lake liko palepale nyuma ya wadi, lina mfuniko sasa, na ni la vyoo tu. Tuliafikiana hivyo bila kuzungumza sana.

Ana kazi mpya ambayo hakuna aliyemwandikia. Kila chupa kabla haijaingia wadini anaifungua anainusa. Masista wanamcheka kidogo. Hajali.

Leo mchana nilimkuta kwenye benchi juani, chupa zimepangwa mbele yake. Nikakaa. Miguu ilikuwa inauma. Akainusa moja, akanipa na mimi. Nikainusa. Ilinuka sabuni. Nikamrudishia, akafunga kifuniko, akachukua nyingine.