Madawati Themanini na Manne

Jumatatu, 3 Machi

Kwako binti yangu, mwalimu mkuu,

Salamu nakuletea kwa sababu barua haianzi bila salamu, si kwa sababu nimepoa. Mgongo unauma, goti la kushoto linauma, hasira ndiyo nzima kabisa. Wewe hujambo, najua. Mtu anayechoma kazi ya baba yake haumwi.

Leo asubuhi mpishi wa shule yako kapita karakana na mzigo wa kuni kichwani. Nikamwambia, "Mama, hebu tua." Katua. Naona mguu wa dawati. Mvule! Niliupiga randa kwa mkono huu miaka thelathini iliyopita, hata mdudu hajauonja. Kasema, "Fundi, yako mengi nyuma ya jiko yananyeshewa. Mwalimu mkuu karuhusu. Manne nimeshapasua. Yanawaka vizuri kweli."

Yanawaka vizuri! Ndiyo sifa niliyobakiziwa uzeeni.

Themanini na manne, peke yangu. Nitajie fundi mwingine. Mwalimu mkuu wa wakati ule aliniambia, "Nataka dawati ambalo mtoto hawezi kugeuka nyuma." Nikaunganisha benchi na meza, nikapitisha boriti chini. Miaka thelathini hakugeuka mtu! Mimi niliishia darasa la pili, tunakaa sakafuni, naandikia gotini. Ndiyo maana mwandiko wangu mpaka leo unapanda mlima. Niliapa mtoto mwingine hataandikia goti.

Usinipigie simu. Neno la simu hupeperuka. Liweke kwenye karatasi, nikushitaki nalo kwa kamati ya shule.

Mimi baba yako.


Jumatano, 5 Machi

Baba, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua iko kabatini nyuma ya majani ya chai, kama hujaitupa.

Hayo manne, kosa ni langu. Nilimwambia mpishi achukue mbao zilizovunjika, sikwenda kuangalia. Tena nilipaswa kukuambia kabla ya kuyatoa. Niliogopa. Nina miaka thelathini na tisa, nasimamia walimu kumi na moja, na bado nakuogopa.

Ila kuyatoa sijutii. Tumeletewa vishikwambi arobaini, vile vioo vya kusomea kwa kidole. Uso wa madawati yako umeinama, wiki ya kwanza vitatu viliteleza vikavunjika. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba darasa la sita lina watoto wanaosoma kama watu wazima, na wengine hawajui kuunganisha silabi. Miaka yote mwalimu anasimama mbele, anafungua ukurasa wa arobaini, wote wanaimba, aliyeelewa na asiyeelewa. Ukiwa nje utadhani wanajua. Sasa kila mmoja anapata kazi ya kiwango chake. Wanakaa wannewanne wakitazamana, anayejua anamwelekeza mwenzake, mwalimu anazunguka. Kwenye madawati yako hawawezi kutazamana. Kwa sasa wanakaa mikekani. Nilitaka kukuomba wewe ututengenezee meza.

Bintiyo.


Ijumaa, 7 Machi

Kwako mwalimu mkuu,

Salamu ni zilezile za Jumatatu, sina nyingine.

Mikekani! Umewarudisha watoto wa watu sakafuni, umeandika kwa mkono wako, na sahihi umetia! Mimi nimewainua, wewe unawashusha, halafu unaniomba meza?

Anayejua amwelekeze mwenzake, sasa mwalimu umemwajiri wa nini, kutembea? Na kioo kikiisha chaji, akili nayo imezimika? Dawati langu halijawahi kuchajiwa hata siku moja. Wewe mwenyewe umefika hapo ulipo kwa kukalia dawati langu na kuimba ukurasa wa arobaini. Au umesahau nani alikufikisha?

Meza sitengenezi. Jumamosi ijayo kamati inakaa. Nakuja na barua yako mkono mmoja na mguu wa dawati mkono mwingine.

Mimi baba yako, fundi ambaye hajawahi kurudishiwa kazi.


Jumapili, 16 Machi

Baba, shikamoo. Jana nilikuamkia mlangoni hukuitikia, basi hii ni ya pili.

Umeshinda. Ulivyopiga meza kwa ule mguu, mwenyekiti karibu aangushe miwani. Vishikwambi vimefungiwa kabatini na ufunguo anao yeye. Madawati themanini yanarudi darasani kesho. Na mimi nimepewa mpaka mwisho wa muhula: matokeo yasipopanda, nafasi yangu anapewa mwingine. Nitayapandishaje kwa ukurasa wa arobaini, sijui. Umenivua nguo mbele ya watu, baba. Nami nina hasira. Nimerithi.

Lipo neno sikulisema mbele yao. Unakumbuka kijiti kinachoning'inia juu ya benchi lako la kazi? Uliniita nikiwa nacheza, ukanisimamisha, ukakata alama tatu: goti, kiuno, kiwiko. Nilikuwa na miaka tisa. Madawati yote, ya darasa la kwanza mpaka la saba, yametoka kwenye alama zile. Nilipofika darasa la saba magoti hayakuingia. Nilikaa upande mwaka mzima, nikachapwa kwa kukaa vibaya. Sikukuambia. Kila mtu alikuwa akisema, "Hilo dawati la baba yake."

Njoo Jumatano ukae nyuma ya darasa la saba. Usiangalie ubao. Angalia chini ya madawati.

Bintiyo.


Jumatano, 9 Aprili

Baba, shikamoo.

Ulikuja, ukakaa nusu saa, ukaondoka bila kuaga. Leo wiki ya tatu. Nimepita karakana mara mbili, kufuli mlangoni. Mpishi nikimuuliza anasema, "Mzee yupo," halafu anakoroga sufuria. Kama unaumwa niambie, hasira tutaziendeleza baadaye.

Bintiyo.


Ijumaa, 11 Aprili

Kwako binti yangu,

Marahaba. Hiyo ya mlangoni. Na nyingine marahaba, na nyingine tena. Mimi mzima. Dawa ya kuchua nimeiona, inanuka.

Hasira bado ninazo, usijidanganye. Manne yangu hayarudi.

Nilikaa nyuma kama ulivyosema. Yupo yule msichana mrefu, wenzake wanamwita Twiga. Miguu kaitoa njiani. Mwalimu kapita, "Kaa vizuri!" Kaiingiza. Haikai, kaitoa tena. "Nimesema kaa vizuri!" Mara tatu. Nikaliona goti lake. Lina sugu, binti, palepale boriti yangu inapopita. Mimi sugu nazijua, zangu ziko mikononi na nilizitafuta mwenyewe. Yeye kazipatia shuleni. Halafu akageuka upande, akafungua daftari, akaandikia gotini. Dawati la mvule liko mbele yake, anaandikia gotini.

Nilitoka bila kuaga kwa sababu nilitaka kumgombeza mtu, nikatafuta wa kumgombeza, nikamkosa.

Karakana imefungwa kwa sababu sikuwa humo. Nilikuwa shuleni kwako, nyuma ya jiko, kila mapumziko. Mpishi nilimwapisha. Kumbe akitaka anajua kunyamaza. Nimepima watoto mia moja na kumi na wawili, kila mmoja uzi wake, fundo la goti na fundo la kiwiko. Nimetafuta nyuzi zinazolingana. Ni chache mpaka zinatia hasira.

Meza nitatengeneza. Uso bapa, ukingo pembeni ili vioo visidondoke, miguu yenye matundu na kigingi, ipande na kushuka. Nitajie fundi mwingine anayeweza. Mbao ni za hayohayo themanini, na wa kuyapasua ni mimi, asiguse mtu. Vioo vyako bado sivipendi.

Mwenyekiti nimemwendea. Nimemwambia niliyosema kwenye kamati si kweli, madawati yana kosa na kosa ni la fundi. Kaniuliza kama naumwa. Ufunguo wa kabati huu hapa, nimeufunga na uzi wa Twiga usipotee. Uzi nirudishie.

Halafu kile kiti ulichokalia siku ya kamati kinayumba. Nilikuwa nakushitaki huku nakiona. Binti wa fundi! Njoo Jumamosi upimwe. Mara ya mwisho ulikuwa na miaka tisa.

Usipige simu. Njoo.

Baba yako.