Dishi, Kebo na Mlangilangi wa Mama

Jumatano, Novemba 1996. Temeke.

Joto la leo halina adabu. Asubuhi wingu lilijikusanya kama linataka kunyesha, likaghairi. Naandika harakaharaka, kwa hiyo mwandiko utakuwa mbaya, na sijali.

Kaka Shomari ameukata mlangilangi wa mama.

Niandike kwa utaratibu, maana nikiifuata hasira sitafika popote. Mama alifariki miaka minne iliyopita akatuachia nyumba hii, mimi na kaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sina mume; kaka na mkewe na watoto wanakaa vyumba vya mbele. Uani kulikuwa na mlangilangi alioupanda mama mwaka alioolewa. Harusi zote za mtaa huu, maua ya vikuba, vile vishada vya manukato vya bibi harusi, yalitoka kwenye mti ule. Hayakuwa ya kuuza. Mtu anakuja na kikapu, au anaazima kile cha mama, anachuma, anaondoka. Mama alipokuwa kitandani aliniagiza jambo moja tu: mtu wa harusi asirudishwe na kikapu kitupu. Hakumwagiza kaka. Aliniagiza mimi.

Sasa televisheni. Niliinunua mimi, Kariakoo, kwa mshahara wangu. Kwa antena tunapata vituo viwili, kimoja kina chenga na cha pili kina chenga zaidi. Tangu mwezi uliopita nyumba nzima ina mjadala mmoja, tuvute kebo au tufunge dishi.

Mimi nilitaka kebo. Mafundi wake wameshafika kwa jirani yetu Mama Siwema, ambaye tumepakana ukuta kwa ukuta. Waya ungepita juu ya paa lake, ukaingia dirishani kwetu, basi. Hakuna cha kuchimba wala kukata. Mama Siwema mwenyewe alisema anasubiri tu tumtajie siku.

Kaka akakataa. "Waya unaopita kwa watu si waya wako," alisema. "Siku mkikosana kwa ajili ya kuku, anaukata. Mie nataka kitu kilichosimama kwenye ardhi yetu." Nikisema kweli, hakukosea sana, kwa sababu wifi yangu na kuku wa Mama Siwema wana yao ya siku nyingi. Lakini namjua kaka yangu. Waya hauonekani kutoka barabarani. Dishi linaonekana.

Jumapili akaanza tena, mimi nasahihisha madaftari. Nikachoka. Nikamwambia, "Haya kaka, fanya unavyotaka."

Hakuna aliyelelewa nyumba hii asiyejua kuwa maneno hayo ni ya kufunga mlango, si ya kutoa ruhusa. Mama alimwambia baba hivyo maisha yao yote, na marehemu baba akiyasikia alikuwa anavaa kofia na kwenda msikitini kabla ya adhana. Kaka anayajua vizuri. Safari hii yalimfaa jinsi yalivyo, akayachukua.

Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Niliyatamka mimi.

Leo nimerudi kutoka shule saa nane nikakuta uani kweupe, jua linapiga mpaka kwenye mafiga. Mti umelala. Watoto wanaruka juu ya matawi, na harufu ya maua imejaa kama siku ya harusi. Kaka amesimama na shoka la kuazima, kifua mbele. Akanieleza kwa furaha kabisa: vituo vizuri vinatoka Uarabuni, kwa hiyo dishi lazima litazame Uarabuni, Uarabuni ni kibla, na kibla ndipo ulipokuwa mti. Ameandaa nafasi mapema ili fundi akija kazi iende haraka.

Hakumuuliza fundi. Amezoea kuelekea upande ule mara tano kwa siku, akaona na dishi litaelekea huko huko.

Fundi kafika saa tisa na pikapu, mtu mzima mpole wa Buguruni. Akatoa dira, akazunguka uani, akanyoosha mkono juu, mashariki, juu ya paa la Mama Siwema. Kisha akauangalia mti.

"Huu mmeukata kwa nini, mzee?"

Kaka akasema ulikuwa unaziba.

"Haukuwa unaziba kitu. Sie tunatazama huku, upande wa bahari. Ungebaki hapo miaka ishirini, na picha ingekuja."

Nilimtazama kaka. Nilingoja acheke, alie, aseme samahani, chochote. Akamwambia fundi, "Haya, funga."

Haya, funga! Mti wa mama uko chini, na dishi lenyewe linatazama juu ya paa la Mama Siwema vilevile.

Niliokota maua ambayo hayajapondeka, hayakujaa hata beseni dogo. Ijumaa binti wa Bi Mwanahawa wa mtaa wa pili anaolewa, nami nilimwahidi tangu mwezi uliopita. Mpaka Ijumaa haya yatakuwa meusi.

Walipokuwa wanachimba shimo la nguzo, niliinyanyua televisheni kutoka sebuleni nikaileta chumbani kwangu na kufunga komeo. Sikujua kama nina nguvu hizo. Baadaye fundi akabisha kwa adabu, akasema anahitaji televisheni ili atafute picha. Nikamjibu kwa adabu vilevile kwamba dishi ni la kaka, televisheni ni yangu. Wifi naye akaja kubisha. Sasa nawasikia watoto wanauliza picha iko wapi.

Nimeshaamua. Televisheni itatoka humu siku kaka atakapokwenda kwa Bi Mwanahawa kwa miguu yake, amwambie kwa kinywa chake kwamba maua hakuna, na kwa nini hakuna. Nitafuatana naye, nami niseme langu, kwamba nilimwambia afanye anavyotaka. Lakini kikapu cha mama atakibeba yeye, kitupu, mtaa mzima ukiona.

Nimetoka mara moja tu, kukitundika kikapu kwenye dishi lake, asije akasema hakukiona.