Kufuli la Ninong Delfin

Jumatatu, 11 Desemba

Leo nimeanikwa! Wakili Villaruz, mwalimu wetu wa sheria, aliingia darasani, hata salamu hajamaliza, akaita jina langu. Tumulak, simama. Nchi imesaini mkataba wa haki za binadamu, kisha imeuvunja — nani anaitia adabu? Nikajibu kwa mbwembwe: Kamati ya Geneva! Ina polisi? Hapana, Wakili. Ina jela? Hapana. Ina hata mgambo mmoja? Darasa zima kicheko. Basi nchi zinatii kwa nini?

 Nilisimama mpaka kipindi kikaisha.

Nyumbani nako bomba la uchochoro wetu bado lina kufuli. Tangu uchaguzi! Tulimpigia kura mpinzani wa Kap Delfin, mwenyekiti wa mtaa. Kap akashinda kwa kura chache, na wiki ileile bomba eti likaharibika. Bomba bovu linafungwa kufuli la nini? Maji tunateka kituo cha mafuta, ng'ambo ya barabara kuu. Lola, bibi yangu, magoti yake mabovu na bado anabeba ndoo. Inaniuma sana.

Jumanne, 12 Desemba

Nimepata dawa yake! Nimemwandikia mtaalamu wa Umoja wa Mataifa anayeshughulikia haki ya maji. Kurasa na kurasa, vifungu vimejaa. Nikamsomea Lola huku anaosha mchele kwa kikombe kimoja cha maji. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha: na Kap mwenyewe umeshamwambia?

Jamani! Kanuni ya kwanza kabisa — kabla ya kukimbilia Geneva, gonga kwanza milango ya nyumbani. Kwenye mtihani niliijibu vizuri, hapa nimeiruka kama dimbwi.

Na najua kwa nini. Kap Delfin ni ninong wangu, baba yangu wa ubatizo. Tangu baba afariki, ada ya chuo analipa yeye. Nani atamfunga paka kengele, na paka mwenyewe ndiye anayekusomesha?

Alhamisi, 14 Desemba

Nimeenda ofisini kwake. Katibu kakaza uso: Kap kasafiri. Na huku ndani namsikia anaimba karaoke! Desemba maninong wote ni wasafiri. Krismasi watoto wa ubatizo huja kushika mkono na kupewa bahasha ya pesa, na mwanasiasa hakatai kumsimamia mtoto wa mtu, kwa hiyo yeye ni ninong wa nusu ya mtaa. Nikangoja wimbo uishe, nikaingia.

Alinichangamkia kweli. Pampu mbovu, binti yangu, fundi yuko njiani. Wewe soma tu, mambo ya bomba niachie. Ada ya muhula ujao iko tayari, njoo uichukue Krismasi. Akanipigapiga begani.

Nikasema asante, Ninong. Asante! Njia nzima nilitamani kuukata ulimi huu.

Jumamosi, 16 Desemba

Misa ya kwanza ya alfajiri. Tulipotoka tukanunua bibingka, vitumbua vya mchele vya moto, pale nje ya kanisa, tukala tumesimama. Dada Luz, jirani yetu muuza samaki wa kukaanga, akataka kujua chuoni wananifundisha nini hasa. Nikamweleza jibu ambalo Wakili alitupa jana, baada ya kunihurumia: kila baada ya miaka kadhaa nchi inaitwa, inakalishwa mbele ya wenzake, inasomewa makosa yake dunia nzima ikitazama. Hakuna nchi inayopenda.

Luz akacheka mpaka bibingka ikampalia. Kumbe ni aibu tu! Miaka yote hiyo unasomea aibu? Si ungeniuliza mimi, bure!

Lola akauliza taratibu: na Delfin, hapendi kutazamwa siku gani? Tukajibu kwa pamoja — Krismasi! Siku hiyo kwake kuna padri, kuna diwani, kuna wakwe.

Basi tutakwenda wote, watoto wake wa ubatizo wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na ndoo tupu. Mkono tutaushika. Bahasha hatupokei mpaka kufuli lifunguliwe.

Jumatano, 20 Desemba

Naogopa. Bila bahasha ile sirudi chuoni Januari. Nimemwambia Luz basi tutauza samaki pamoja. Kakataa! Eti nitakula mtaji, nikidaiwa nimsomee vifungu.

Jumapili, 24 Desemba

Uvumi: Kap anatorokea Batangas leo. Baada ya misa mkewe, Aling Cora, akamnong'oneza Lola — haendi popote, ufunguo wa gari ninao mimi. Eti kachoka kuzomewa sokoni kwa sababu ya bomba.

Jumatatu, 25 Desemba

Naandika nimekalia ndoo, mbele ya geti la Ninong. Foleni imekata kona. Watoto wanapiga ndoo ngoma, wanaimba nyimbo za Krismasi!

Ametoka na bahasha zake, shati jipya, tabasamu la kampeni. Akaziona ndoo. Tabasamu likaisha. Nyuma yake padri kashika sahani ya tambi, hatafuni tena.

Mimi ndiye wa kwanza. Nikaushika mkono wake, nikauweka kwenye paji langu la uso. Heshima ni heshima. Akaninyooshea bahasha yangu — nene. Nikaitazama. Mungu wangu, niliitazama! Kisha nikanyoosha ndoo. Nikasema: Ninong, Krismasi hii naomba maji.

Nyuma yangu ndoo zote zikainuka.

 Karudi ndani na bahasha yangu mkononi. Diwani anauliza, maji gani? Aling Cora anamweleza, tena kwa sauti.

Huko ndani droo zinafunguliwa na kufungwa. Lola anasema anatafuta ufunguo wa kufuli. Luz anasema anatafuta mlango wa nyuma.

Nimemwambia Luz asiwe na wasiwasi. Mlango wa nyuma nao una foleni.