Begi Lililofungwa Kabla Sijasema Neno

Jumapili. Ukungu umekalia mtaa wetu wa Langas tangu asubuhi, na hata sasa jioni inapokaribia, mabati ya jirani siyaoni vizuri. Nimevaa sweta mbili. Nyumba imenyamaza.

Ninaandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Chemutai amejifungia chumbani. Ana miaka kumi na mitano na ameishi nami tangu Januari. Mamake, Salina, alikuwa rafiki yangu. Tulishona nguo kwenye kibanda kimoja mpaka alipofariki, mtoto akiwa bado hajaanza shule. Tangu hapo msichana amezungushwa kwa jamaa huko Ainabkoi. Kila nyumba ilimwambia, "Hapa ni kwenu," halafu siku moja anatoka shule na kukuta begi lake limewekwa mlangoni. Mimi pia nilimwambia hapa ni kwenu. Aliniangalia kama mtu anayesikiliza matangazo ya redio.

Jana nilienda Timboroa kumwona mama, presha imemsumbua tena. Nilimwambia Chemutai nitarudi jioni. Lakini lori lilianguka, barabara ikafungwa, ikabidi nilale kwa mama. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, na nambari ya Chemutai siijui kwa kichwa. Nilijifariji kwamba ni msichana mkubwa, chakula kipo, na Mama Brayo wa mlango wa pili hawezi kukosa kumchungulia.

Leo asubuhi nilifungua mlango nikamkuta ameketi kwenye kochi, amevaa yunifomu ya shule na viatu, begi limefungwa miguuni pake. Siku ya Jumapili. Sakafuni palijaa vipande vya kitambaa cha manjano. Ni yale mapazia niliyomshonea kwa dirisha la chumba chake. Ameyakata na makasi yangu, vipande vidogo vidogo.

"Nimeshapaki," akasema. "Hata usijisumbue."

"Unaenda wapi?"

"Si wewe ndio unajua? Kwenye utanipeleka."

Nilipandwa na hasira. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na hayakuwa mazuri. Kilichonizuia ni jambo aliloniambia mwalimu wa ushauri shuleni kwao: kwamba mtoto aliyeachwa mara nyingi huishi akingoja kuachwa tena, na kungoja kukimlemea, anakusukuma umwache haraka ili yaishe. Siku ile niliitikia kwa kichwa nikidhani nimeelewa.

Nikavua viatu. Nikachukua viazi, nikaketi kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo ananiona, nikaanza kumenya. Sikumwambia afungue begi. Vile vipande sikuvigusa.

Viazi vikaisha. Nikaendelea na karoti ambazo hatukuzihitaji.

"Ulisema jioni," akasema, bila kunitazama.

"Nilisema jioni, na sikurudi. Barabara ilifungwa, simu nayo ikazima. Najua ulingoja. Pole, Chemu."

"Mama Brayo alibisha. Sikufungua. Nilijua amekuja kuniambia umenikataa."

Nilitaka kumkumbatia. Nilipoinuka tu, akajikunja, nikaketi tena. Kisha akabeba begi lake akaingia chumbani.

Nikampigia kaka yangu aliye Nakuru. Nilitaka tu mtu anisikilize. Hakungoja hata nimalize. "Ciru, huyo si damu yako. Mrudishe kwao kabla hajakuchomea nyumba." Kanisani nako wangeniambia nimwombee, halafu waendelee na stori za harusi. Watu huuliza msichana anaendeleaje. Hakuna anayeuliza mimi nimeamkaje. Kuna siku hupita bila mtu yeyote kuniita kwa jina langu.

Salina angejua la kusema.

Nimekaa na maneno ya kaka siku nzima. Siwezi kudanganya kwamba hayakunijaribu. Ni rahisi kumpenda mtoto anayekubali kupendwa. Huyu anataka ushahidi kila siku, na ushahidi wa jana hauhesabiki leo. Ninachoka. Nikichoka, hakuna wa kunipokea mzigo hata kidogo.

Nimeandika mpaka hapo, mlango wake ukafunguka. Alikuwa amevua yunifomu. Akajipakulia viazi nilivyopika, akala amesimama, mgongo ukutani. Sikuinua macho kutoka kwenye simu ninayoandikia, niliogopa kumshtua. Akaosha sahani, akaipangusa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Kesho unafunga kibanda saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Na kitu kikitokea kwa barabara?"

Ningeweza kumwambia hakuna kitakachotokea. Nadhani wote waliomtangulia kumlea walimwambia hivyo.

"Kikitokea, nitachelewa. Nikichelewa nitapata simu, hata ya kuazima, nikupigie. Leo nimeandika nambari yako kwenye karatasi nikaiweka ndani ya kipochi. Na nikikosa simu kabisa, nitakuja tu. Hata kwa miguu, Chemu, nitakuja."

"Sawa," akasema, akarudi chumbani.

Hakuna zaidi ya hapo. Pengine kesho atakata kitu kingine.

Lakini nimeketi hapa na swali lake, na macho yananiwasha. Kwa miaka mingi nimetoka na kurudi kwenye nyumba hii peke yangu, na sikumbuki mara ya mwisho mtu alipotaka kujua nitarudi saa ngapi.

Kesho nitafunga mapema.